Vumbi la chumba cha brashi: feni, ufagio au barakoa, uanze na kipi?

Kikundi cha wakulima wa mkonge kikipata mashine ya brashi, ile inayosafisha nyuzi za mkonge zilizokauka, kitu cha kwanza kununuliwa kwa jina la usalama huwa boksi la barakoa za hospitali. Ziko kila duka la dawa, bei yake haiumizi, na mkaguzi akipita anaziona usoni mwa watu. Pesa ikiwepo huongezwa feni. Ufagio hauhesabiwi kabisa, maana nani aliwahi kuufikiria ufagio kuwa hatari?

Mimi ningepanga kinyume. Ningeanza na ufagio, nifuate na mashine yenyewe, barakoa ije mwisho, tena isiwe ile ya hospitali. Nalinganisha njia hizo hapa nikifikiria chumba cha brashi cha Korogwe, Muheza au Pangani. Mwenye kiwanda cha kuchambua pamba Simiyu, au karakana ya masofa Dar es Salaam, atayakuta mengi yanayomhusu, ila asome kwanza sehemu inayofuata, kwa sababu vumbi hutofautiana sana.

## Vumbi la nini hasa?

Mkonge uko Tanga tangu 1893, kutokana na miche 62 iliyonusurika kati ya 1,000 ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida. Vumbi lake nalo lina umri wa karibu hivyo, lakini halitoki kila mahali kiwandani. Kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, majani yanapopondwa kwa maji mengi, kinachoruka ni utomvu unaowasha ngozi, na hapo glavu na aproni vina maana kuliko barakoa. Singa, yaani nyuzi zinazopatikana, kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, huanikwa juani zikiwa bado na mabaki ya nyama ya jani. Yakikauka, yanagandamana nazo.

Kisha ndipo inapokuja brashi. Pipa linazunguka kwa kasi, mtu anashika fungu kwa mikono, anaingiza ncha moja, anavuta, anageuza ya pili. Kila kilichokaukia kwenye singa kinapigwa na kuwa unga mbele ya uso wake. Singa yenyewe haiingii mapafuni, kwani unene wake ni sehemu ya kumi ya milimita au zaidi. Kinachoingia ni unga wa nyama ya jani, ukungu, na mabaki ya bakteria walioota singa zikiwa mbichi.

Hilo lina maana ambayo wengi huipita. Singa zilizonyeshewa wakati wa masika, au zilizorundikwa kabla hazijakauka vizuri, zinafika kwenye brashi zikiwa zimebeba ukungu mwingi zaidi. Kuosha vizuri kwenye korona na kuanika mapema ni kinga ya mapafu pia, ingawa katika daftari la matumizi inaandikwa kama gharama ya ubora.

Vumbi la pamba ni la jamii hiyohiyo, ila lina historia mbaya zaidi. Husababisha bisinosisi, ugonjwa unaojulikana kwa tabia yake ya Jumatatu: mfanyakazi anarudi kutoka mapumziko, na saa chache baada ya kuanza kazi kifua kinabana. Jumanne anapata nafuu kidogo, mwisho wa wiki anajisikia mzima, na kwa hiyo anaamini ilikuwa mafua. Baada ya miaka, kubana kule hakungoji Jumatatu tena. Marekani iliweka kikomo mwaka 1978: miligramu 0.2 za vumbi laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwenye viwanda vya kusokota nyuzi za pamba. Huo ni uzito wa chembe tatu nne za chumvi ya mezani, na mtu anayefanya kazi ya mikono kwa saa nane huvuta kama mita 10 za ujazo. Macho hayawezi kupima kiasi hicho, kwa hiyo mtu anayekwambia chumba chake “hakina vumbi sana” hajakwambia kitu.

Sufi ya kioo, ile ya manjano inayowekwa juu ya dari na kuzunguka mabomba ya mvuke, ni habari nyingine. Inawasha vibaya, inakera macho na koo, lakini nyuzi zake nyingi ni nene na mwili huziyeyusha polepole. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitathmini mwaka 2001 na kuiweka kwenye kundi la vitu visivyo na ushahidi wa kutosha wa kusababisha saratani kwa binadamu. Nyuzi za kauri za kwenye tanuri zenye moto mkali hazikupata msamaha huo. Zinahesabiwa kuwa huenda zinasababisha saratani, na zisichukuliwe kama sufi ya kioo ya rangi nyeupe.

Asbesto haimo katika ulinganisho huu. Aina zake zote husababisha saratani, na ugonjwa hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Paa la banda lako likiwa la mabati ya saruji ya zamani yenye asbesto, usilikate, usilitoboe, usilisugue kwa brashi ya waya, na usimpe fundi wa mtaani kazi ya kulishusha. Hiyo ni kazi ya kuwaita wenye kibali.

## Feni inayopuliza na bomba linalonyonya

Panga boi la darini na feni ya kusimama ndizo zinazopendwa, na sababu yake naielewa: Tanga kuna joto. Lakini feni ya namna hiyo haiondoi vumbi. Inalichukua kutoka kwa mtu wa brashi na kuwapelekea akina mama wanaopanga singa kwa madaraja ya ubora kwenye meza ya pili, na njiani inaamsha lile lililokwisha kutua. Kwa joto, sawa, iwekwe kwenye chumba cha kupumzikia.

Feni ya ukutani inayotoa hewa nje ni hatua moja mbele, kwa sharti moja ambalo hukosewa mno: mtu asiwe kati ya mashine na feni. Akisimama hapo, vumbi lote linapita usoni mwake likielekea nje, na feni kubwa zaidi inaongeza tu mwendo wake. Mpangilio sahihi ni hewa safi iingie upande wa mfanyakazi, ipite mashine, itoke ng’ambo ya pili.

Bomba linalonyonya pale pale vumbi linapozaliwa ndilo linalozishinda njia zote, na ndilo linalojengwa vibaya kuliko zote. Watu hununua feni yenye nguvu, wanafunga bomba, wanauacha mdomo wake ukining’inia juu ya mashine. Kunyonya hakufanyi kazi kama kupuliza. Unaweza kuzima mshumaa kwa kuupulizia ukiwa mbali, lakini huwezi kuuzima kwa kuvuta pumzi. Ukienda mbali na mdomo wa bomba kwa urefu ulio sawa na kipenyo chake, mwendo wa hewa unabaki kama sehemu moja ya kumi. Bomba la sentimita 20, ukiwa sentimita 20 tu mbele yake, tayari limepoteza karibu nguvu yake yote.

Kwa hiyo pesa ya kunyonya vumbi ianzie kwa fundi wa bati badala ya muuza feni. Pipa la brashi lifunikwe pande zote, ibaki nafasi ya kuingizia fungu la singa tu, na bomba litoke upande ule ambao pipa linarushia uchafu. Mashine iliyofunikwa vizuri na feni ya wastani huishinda mashine iliyo wazi na feni kubwa, na umeme wake ni mdogo.

Mkonge una ukaidi wake. Singa fupi zinazokatika hujifunga kwenye mapanga ya feni na kuziba mabomba kwenye kona, kwa hiyo weka saikloni, lile pipa lenye umbo la koni linalotenganisha uchafu kwa kuuzungusha, kabla ya feni na si baada yake. Kona za bomba ziwe za mviringo, na kila kona iwe na mlango mdogo wa kusafishia. Kinachotoka mwisho kisielekezwe kwenye nyumba za wafanyakazi wala kwenye uwanja wa kuanikia, maana unga huo utarudi ndani pamoja na singa. Tena kumbuka moto. Vumbi la mkonge na la pamba huwaka kirahisi, na cheche ya msumari uliogonga pipa la brashi ikitembea ndani ya bomba itafika kwenye mfuko wa saikloni kabla hujajua. Vipande vya chuma vizuiwe mapema, mota iwe ya kuzibwa, na sigara ibaki nje ya geti.

Banda lisilo na kuta je? Ni nafuu, na mara nyingi ni bora kuliko chumba kilichofungwa chenye feni moja. Ila upepo wa pwani haukai upande mmoja: kusi ikiisha inakuja kaskazi, na mashine iliyowekwa vizuri mwezi Julai inamtupia mtu vumbi usoni mwezi Januari. Iweke ili upepo umpite mfanyakazi ubavuni. Ukimpiga mgongoni, unajizungusha mbele ya kifua chake na kumrudishia vumbi usoni, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

## Ufagio mkavu, kompresa, kifyonza

Hapa ndipo ningeanzia, kwa sababu baadhi ya mabadiliko yake hayagharimu hata shilingi.

Kupuliza mashine na nguo kwa hewa ya kompresa ni njia mbaya kupita zote. Inachukua vumbi lililotulia na kulirudisha hewani lote kwa mkupuo. Kanuni ya Marekani ya vumbi la pamba inapiga marufuku kusafisha hivyo palipo na njia nyingine. Hewa ile ikiwa na shinikizo kubwa inaweza pia kupenya ngozi au kuumiza jicho, kwa hiyo hata “kujipangusa” suruali jioni iwe mwiko.

Ufagio wa chelewa ukiwa mkavu unafuata kwa ubaya. Anayeushika kwa kawaida ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, anafagia wenzake wakiwa bado kazini, na barakoa hakupewa kwa kuwa yeye “hagusi mashine”. Ukibadilisha mambo mawili, yaani kufagia baada ya watu kutoka na kunyunyizia sakafu maji kidogo au unga wa mbao uliolowanishwa kabla ya kufagia, umepunguza vumbi bila kununua kifaa chochote. Maji yasiende kwenye mota wala swichi, na sakafu isiachwe telezi.

Kifyonza vumbi ni bora kuliko ufagio wa maji, mradi kiwe na chujio la HEPA, linalokamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Cha nyumbani kisicho na chujio hilo kinameza taka kubwa mbele na kutema unga laini nyuma, ambao ndio hatari. Kwa sufi ya kioo, kifyonza sahihi ni cha lazima kwa maoni yangu. Kwa mkonge ni kizuri, ila kikikosekana, ufagio wa unyevu unatosha kuanzia. Usisahau boriti za juu: manyoya ya vumbi yanayoning’inia huko hudondoka kila mlango ukibamizwa, na ndiyo kuni za kwanza moto ukitokea.

Wapo wanaouliza kwa nini wasizinyunyizie maji singa zenyewe. Kabla ya brashi na kabla ya kufungwa robota, yaani mzigo wa singa uliobanwa, hapana. Singa zenye unyevu zinaota ukungu ndani ya robota la kilo 250, mnunuzi anazikataa, na umetengeneza vumbi baya zaidi kwa atakayelifungua. Kwenye usokotaji wa kamba, ambako mchanganyiko wa mafuta na maji hutiwa kulainisha singa, vumbi hupungua kweli, lakini huko ni hatua nyingine ya kazi.

## Barakoa, sasa

Nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo kinga pekee inayotegemea kila mtu, kila dakika, kwenye joto. Lakini wakati bomba linatengenezwa watu wanaendelea kuvuta hewa, kwa hiyo barakoa sahihi inunuliwe tangu siku ya kwanza. Kwenye jedwali, FFP na P3 ni madaraja ya uchujaji ya Ulaya, N95 na P100 ni ya Marekani.

| Aina | Inachofanya | Ningeitumia wapi |
|---|---|---|
| Kanga, leso, kitambaa | Huzuia singa na taka kubwa. Unga laini unapita | Popote pale, hapana |
| Ya hospitali | Huzuia mate ya mvaaji. Pembeni iko wazi | Zahanati |
| FFP1 | Huchuja angalau asilimia 80. Ikikaa vizuri huhesabiwa kupunguza vumbi hadi robo | Sakafu ya kupanga madaraja yenye vumbi dogo |
| FFP2 au N95 | Asilimia 94 na 95. Huhesabiwa kupunguza hadi sehemu ya kumi | Brashi, kufagia, kufungua marobota, pamba |
| Ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P3 au P100 | Asilimia 99 na zaidi. Inaoshwa, vichujio hubadilishwa | Kusafisha saikloni na mabomba, nyuzi za kauri, mtu wa brashi wa kudumu |

Jedwali linaonyesha chujio. Halionyeshi nafasi kati ya barakoa na shavu, na hapo ndipo mambo huharibika. N95 yenye upenyo wa milimita chache kando ya pua haina tofauti kubwa na ile ya hospitali. Ndevu, hata za siku mbili, zinavunja muhuri, yaani mgandano wa kingo za barakoa na ngozi. Mwenye ndevu ambazo hatazinyoa apewe kifaa cha kofia kinachosukuma hewa iliyochujwa kwa betri, au apangiwe kazi nyingine. Usimpe barakoa kisha ukajidanganya. Kwa wanawake wanaovaa mtandio, kingo za barakoa zikae juu ya ngozi, kisha mtandio ufuate juu yake. Ikivaliwa juu ya kitambaa, muhuri haupo. Mikanda miwili, mmoja juu ya kisogo na mwingine chini ya masikio, hukaza vizuri kuliko ile ya masikioni. Jaribio rahisi: funika barakoa kwa viganja, pumua kwa nguvu, usikilize hewa inatokea wapi.

Zile zenye kivalvu cha kutolea pumzi hazina tatizo dhidi ya vumbi na zinavumilika zaidi kwenye joto. FFP2 ikilowa jasho, ikipinda au ikiwa ngumu kupumulia, itupwe. Kuipiga piga ukutani ili vumbi litoke ni kuiharibu. Hapa ndipo hesabu inageuka. Mtu anayekaa kwenye brashi kila siku anatumia FFP2 nyingi sana kwa mwaka, na ile ya mpira, inayoonekana ghali dukani, inaweza kuwa nafuu mradi vichujio vyake vinapatikana Tanga au Dar. Uliza upatikanaji wa vichujio kabla ya kuulizia bei ya barakoa.

Kuzungusha watu kwenye brashi ili kila mmoja akae muda mfupi kunapunguza kipimo cha kila mtu, lakini kunaongeza idadi ya wanaolivuta. Nafanya hivyo kwa ajili ya joto na uchovu. Siiti kinga ya vumbi.

## Nani alipe, nani apime

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inampa mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kinga na kupimisha afya za wafanyakazi anapowaajiri, kazini na wanapoondoka. Anayesimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Ugonjwa uliotokana na kazi unapelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na huko kipimo cha siku ya kuanza kazi kina thamani kubwa, kwa sababu bila hicho hakuna cha kulinganisha nacho. Kenya ina sheria yake ya 2007 na idara yake, DOSHS.

Kipimo kinachohitajika ni kile cha kupuliza kwenye mashine kuona mapafu yanatoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani. Picha ya eksirei peke yake haitoshi, kwani kifua kinachobana kwa vumbi la pamba kinaweza kuonekana safi kwenye picha. Kwa pamba, Wamarekani hupima kabla na baada ya zamu ya kwanza ya wiki, baada ya mtu kukaa mbali na vumbi kwa saa 35 au zaidi. Msimamizi asiye na mashine hiyo anaweza walau kuuliza swali la kifua Jumatatu alasiri badala ya Ijumaa, akaandika majibu kwa jina na tarehe.

## Ukiwa na pesa kiasi gani?

Bila pesa: piga marufuku kompresa kwa kusafishia, fagia kwa unyevu watu wakishatoka, geuza mashine kufuata upepo, na usipokee kwenye brashi singa ambazo hazijakauka.

Pesa kidogo: FFP2 za kutosha kwa watu wa brashi, mfagiaji na wafunga robota, na si kwa watu wa mashine peke yao. Afadhali watu sita wenye FFP2 kuliko thelathini wenye za hospitali, mradi sita hao ndio walio kwenye vumbi kweli.

Pesa ya wastani: fundi wa bati afunike pipa, bomba fupi, saikloni, feni. Mashine ikiwa bado haijanunuliwa, mwambie muuzaji mfuniko na mdomo wa bomba viwe ndani ya bei. Kuongeza baadaye ni ghali zaidi, na wauzaji wengi hawataji jambo hili mpaka uulize.

Pesa ya kutosha: hayo yote, kisha kifyonza cha HEPA, barakoa za mpira kwa wanaosafisha saikloni, na kupima hewa yenyewe kwa pampu ndogo inayovaliwa begani zamu nzima. Usipime kabla ya kufunika pipa. Utalipia kuambiwa vumbi ni jingi.